Kijiko Ambacho Lutula Hakukionja

Zaina, kifungua mimba wangu,

Kwanza kabisa, sikukasirika. Mchana huu uliporudi kutoka Alunguli kumuaga bibi yako, ukaweka yale mayai sita juu ya meza na kuniambia maneno ya Mzee Lutula, niliinuka nikaingia chumbani nikafunga mlango. Nilikuona ulivyobadilika uso. Nilimsikia na mama yako akikuambia, "Muache tu, baba yako njo vile." Lakini leo haikuwa vile. Nilikaa kitandani nikaitazama mikono yangu kama mikono ya mtu nisiyemjua. Nimepigwa na bumbuwazi, Zaina, na mpaka sasa ninapoandika bado halijanitoka.

Sasa uko Mikelenge kwa shangazi yako unasukwa, na nywele zako si kazi ya saa moja. Nimechukua kaye ya shule ya mdogo wako, nimechana karatasi za katikati, atanisamehe. Kesho gari la moshi linakupeleka Lubumbashi kwenye masomo ya uuguzi, miaka mitatu, na mimi si mtu wa kusema mambo haya uso kwa uso. Habari za kuchemsha maji, za kufunga sanduku kwa kamba mbili, za kutolala karibu na mlango wa behewa, mama yako amekwisha kuzisema mpaka mbuzi wa jirani anazijua kwa moyo. Mimi nina jambo moja tu, na ni jambo la aibu.

Ulisema ukicheka, huku unavua viatu: "Baba, Mzee Lutula anakusalimia sana. Njo ametupatia mayai haya. Anasema ufanye ile supu yako ya njano, lakini mara hii utie sukari, juu siku ile yeye hakuonja. Eti angeonja namna gani mbele ya muntu mwenye kufunga?"

Ulidhani ni utani wa wazee. Labda na yeye aliusema kama utani. Lakini neno lile "hakuonja" limenikwama kooni kama mwiba wa samaki, na sharti nikuambie kwa nini.

Wewe ulikuwa na miaka mitano, hukumbuki. Nilikuwa mpishi wa nyumba ya wageni, ile iliyo juu kidogo ya bandari, ambamo walilala wakubwa waliokuja Kindu kwa boti au kwa treni. Lutula alikuwa msaidizi wangu. Mtu wa Pangi, mrefu, mpole, wa kanisani. Alikuwa akiitwa Filipo mpaka serikali ilipoyakataza majina ya ubatizo, akarudi kuwa Lutula tu, na hakulalamika. Tulifanya kazi pamoja miaka mitano. Nilimwita ndugu, na nilimpigia kelele kama ndugu.

Ile supu ya njano ni krem angleze, wewe unaijua kwa kuila, siku za Idi, juu ya ndizi za kukaanga. Bibi yako anaiita uji wa wazungu na kila mwaka anasema hataki, kisha anaramba bakuli. Hujawahi kuitazama ikipikwa kwa sababu siku hizo namfukuza kila mtu jikoni. Basi ni hivi. Viini vya mayai sita, unavipiga na sukari mpaka viwe vyeupe-vyeupe. Maziwa, na kwa kuwa Kindu hatuna ng'ombe, ni maziwa ya unga uliyoyakoroga kwa maji ya vuguvugu. Ganda la limau, kama vanila haikufika kutoka Bukavu, na mara nyingi haikufika. Maziwa ya moto unayamimina juu ya viini kidogo kidogo, kisha vyote vinarudi kwenye babula, jiko la makaa, ambayo makala yake umeyafunika kwa majivu. Hapo unakoroga kwa mwiko bila kusimama, hata mtu akikuita, hata nyumba ikiungua. Isichemke. Ikichemka mara moja tu, imekatika, umebaki na vipande vya mayai vinavyoogelea ndani ya maji. Unainua mwiko, unapitisha kidole mgongoni kwake. Njia ya kidole ikibaki wazi, imeiva.

Alinifundisha Madamu mmoja Mbelgiji kabla ya uhuru, na alinipiga vidoleni kwa kijiko kila ilipokatika. Mwishowe nikaiweza kuliko yeye. Kindu nzima nilikuwa peke yangu niliyeiweza, nilijua hivyo, na nilihakikisha Kindu nzima inajua. Mama yako anasema siku zile nilitembea na kifua mbele kama jogoo wa kuazima.

Shida ilikuwa Ramadhani. Mpishi aliyefunga ananusa tangu alfajiri na haonji kitu. Nilimwambia Lutula, wewe ndiwe ulimi wangu, na akakubali. Nikimaliza chungu nampa kijiko, naye kila mara aligeuka akanipa mgongo, akaelekea dirishani, akakaa kidogo, kisha akageuka na kurudisha kijiko kitupu. "Iko muzuri, mupishi." Ramadhani nne, kila siku, "Iko muzuri, mupishi." Niliona ni heshima kwamba hali mbele yangu. Nilimsifia hata msikitini. Nilisema, mtu asiye wa dini yetu anajificha asinitamanishe, angalieni adabu hiyo.

Ramadhani ya tano akaja mkubwa kutoka Kinshasa.

Huwezi kujua siku zile zilivyokuwa. Wiki nzima akina mama walifanya mazoezi ya kucheza na vitambaa vyenye picha ya Raisi. Njia zilifagiwa, mawe ya kando yakapakwa chokaa. Jikoni kwetu nilitoa kila kitu nje, nikasugua rafu, nikarudisha. Na kwa ajili ya mgeni tukaletewa chumvi laini ya mezani, nyeupe, si hii yetu ya mawe. Nikaitia ndani ya kopo tupu la maziwa ya unga, karibu na kopo la maziwa ya unga lenye sukari. Makopo mawili, sura moja. La sukari hukaa kulia. Miaka yote hukaa kulia.

Mimi ndiye niliyerudisha vitu rafuni, Zaina, na siku ile kulia nikaweka la chumvi. Si mtu mwingine. Nayaandika haya leo kwa mara ya kwanza, na kalamu inataka kukataa.

Asubuhi ile nilipopiga viini vikawa vizito, vinavutika, havikutaka kuwa vyeupe. Niliona. Nikajiambia ni mayai ya bata, ndivyo yalivyo. Nikaendelea. Krem ilitoka nzuri ajabu, laini, ya manjano, njia ya kidole ilibaki mgongoni mwa mwiko bila kuteleza. Nikamwita Lutula. Akachukua kijiko, akageuka, akaenda dirishani, akarudi. "Iko muzuri, mupishi."

Adhuhuri walikaa mezani watu kumi na wanane, wote na makoti yao ya abakosti yamefungwa mpaka shingoni. Samaki alipita vizuri, kuku akapita vizuri. Ikaja keki ya nanasi na krem yangu juu yake. Nilikuwa nyuma ya pazia la mlango nikisubiri sifa. Mkubwa akatia kijiko mdomoni, akaganda hapo hapo na kijiko ndani. Kisha akatema kwenye sahani. Mtu mmoja aliyekaa karibu naye akasema neno moja tu: "Sumu."

Wakati ule, mwanangu, neno hilo halikuhitaji ushahidi. Askari walikuwa jikoni kabla sijalitoa pazia mkononi. Mmoja wao akaonja kwa kidole, akatema, akasema ni chumvi, lakini haikusaidia, maana chumvi kwa mgeni wa aina ile ilikuwa dharau kwa serikali na mimi niliona namna walivyotutazama. Kiongozi wao akauliza, "Mwanainchi gani alionja hii kitu?"

Hakuuliza nani alipika. Aliuliza nani alionja. Na mimi nikanyoosha kidole.

Lutula alikuwa amesimama karibu na dirisha na sahani chafu mikononi. Alinitazama. Hakusema chochote. Walimpiga kofi hapo hapo, la sikio la kushoto, sahani zikaanguka, wakamtoa. Walimweka ndani siku kumi na moja. Alipotoka hakuwa na kazi, na sikio lile lilikuwa limekufa. Akahamia ng'ambo, Alunguli, akalima muhogo wa kuchuma sombe na kufuga kuku. Mimi nilibaki na kazi yangu miaka mingine sita, mpaka nyumba ile ilipofungwa.

Sasa sikia lililo baya zaidi. Ungedhani nilikaa na haya. La. Nilikaa na chuki. Nilijiuliza, alionja, akajua ni chumvi, akaniambia iko muzuri, kwa nini? Nikajipa jibu mwenyewe: wivu. Alitaka nianguke achukue nafasi yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo nilivyowaambia watu, na watu wakatikisa vichwa. Mwaka baada ya mwaka nililipika jibu lile mpaka likaiva kabisa. Nikimwona sokoni nabadili njia. Mama yako siku moja aliniuliza, "Lakini ulimuuliza mwenyewe?" Nilimkemea vibaya hata hakulirudia. Mke wa Lutula alipofariki, Kindu yote ilivuka mto kwenda kilio. Mama yako alikwenda. Mimi nilikaa kibarazani nikinoa kisu kilichokuwa kikali tayari.

Miaka kumi na mitatu. Na leo wewe unavua viatu na kusema hakuonja.

Unajua nilikumbuka nini pale kitandani? Sisimizi. Chini ya dirisha lile la jikoni, kila Ramadhani, palijaa sisimizi. Nilimwaga majivu, nilimwaga mafuta ya taa, nikawatukana, na mwezi ukiisha wanatoweka wenyewe. Niliwahi kumwambia Lutula kwa mzaha kwamba hata sisimizi wa Kindu wanajua kalenda. Akacheka sana. Sasa naelewa alichokuwa akichekea. Alikuwa anamwaga kile kijiko dirishani. Kila siku, Ramadhani baada ya Ramadhani, mimi nafunga na yeye hatii kitu mdomoni mbele yangu, kwa sababu kwao si adabu kula machoni pa mwenye njaa, na mimi sikumuuliza, na yeye hakusema.

Na kuna jingine, ucheke ukitaka. Miaka miwili baada ya mambo yale, mwalimu wa msikiti alikuwa akifundisha vijana habari za saumu, nikamsikia akisema mpishi ana ruhusa kuonja kwa ncha ya ulimi akatema, saumu yake haiharibiki. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamfuata nje nikamuuliza, akaniambia, "Mzee Asumani, weye mupishi miaka yote hii, hukujua?" Sikujua kwa sababu sikuuliza. Niliona haya mtu mzima kuuliza jambo dogo kama hilo. Nikaenda nyumbani nikalifukia, maana kama nilikuwa na ruhusa ya kuonja mwenyewe, basi kosa lilianza kunisogelea, na mimi nilikuwa nimekwisha kulipatia kosa lile mtu wa kulibeba.

Naacha kuandika hapa. Mayai yake yako mezani yananitazama. Mama yako ana maziwa ya unga, sukari ipo. Nitapika, nivuke.

*

Nimerudi. Jua bado lipo kidogo, na wewe bado hujarudi kutoka kwa shangazi yako, afadhali.

Nilipika kwa haraka kuliko nilivyowahi kupika maishani. Mama yako alisimama mlangoni, sikumfukuza. Aliniuliza naenda wapi na sufuria imefungwa kwa kitambaa, nikamwambia, kwa Lutula. Alikaa chini pale pale kwenye kizingiti. Hakuuliza la pili.

Mwenye mtumbwi alitaka kuzungumza, sikuweza. Nilishika sufuria mapajani na kuyatazama maji ya Lualaba, na nakuambia kweli, mara mbili nilitaka kumwambia anirudishe.

Nilimkuta nyuma ya nyumba anakata nyasi za kuku. Amezeeka, Zaina. Wewe umemzoea, mimi sikuwa nimemtazama usoni tangu siku ile. Alinyanyuka, akafuta mikono, akasema kama vile nilikuwa hapo jana, "Karibu, mupishi."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani. Yote yakakimbia. Nikasema, "Lutula, siku ile hukuonja?"

Akainamisha kichwa, akagusa sikio la kulia. "Sema huku. Ile ingine ilikufa."

Nikazunguka upande wa kulia. Nikasema tena, na sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Sikuonja," akasema. "Hata siku moja sikuonjaka. Ramazani zote. Ningekula namna gani na weye unasimama pale na njaa? Mukono wako ulikuwa muzuri, nilikuwa na imani."

"Juu ya nini hukuwaambia askari?"

"Kuwaambia nini? Ningesema sikuonja, wangeuliza chumvi ilitiwa na nani. Muke wako alikuwa na mimba ya miezi munane. Na ule mutoto mwingine, huyu Zaina, alikuwa anakuja kila siku jikoni kuomba ganda ya limau. Miye na muke wangu hatukuwa na mutoto. Nikaona, basi, aende yule mwenye hana mutoto."

Nilikaa juu ya gogo lake la kukatia kuni. Ninayekuandikia nina miaka hamsini na minane, nimezika wazazi wangu wawili, na sikuwahi kusikia kitu kama kile. Nilimnyooshea kidole mtu ambaye wakati ule ule alikuwa anaamua kunibeba.

Nikamuuliza habari ya kidole. Akatikisa mabega. "Ulikuwa na woga. Woga inanyoosha kidole yenyewe. Nilijua utakuja. Kisha hukuja, nikasema, ni haya inamushika. Muntu akiwa na haya sana hawezi kuvuka."

Hapo ningeweza kunyamaza, Zaina. Alikuwa amenipa njia ya heshima, imefagiwa. Ningesema ndiyo, ni haya, tungekumbatiana, ningerudi nyumbani na hadithi nzuri ya kukusimulia. Lakini niliona kwamba nikinyamaza tena, nitakuwa nimemnyooshea kidole mara ya pili.

Nikamwambia, "Hapana. Haikuwa haya. Nilikuchukia. Nilisema uliniwekea mutego. Nilisema kwa watu wote."

Akanitazama. Sasa bumbuwazi lilikuwa lake. "Hata kwa kilio ya muke wangu?"

"Hata pale."

Akageuka akawatazama kuku wake muda mrefu. Mmoja alikuwa anachakura karibu na mguu wake, akamsukuma polepole. Nilidhani ataniambia niondoke, na ningeondoka. Nilimsikia akivuta pumzi kama mtu anayeinua mzigo. Sikusema samahani mara kumi. Nilisema mara moja, upande wa sikio linalosikia.

Mwishowe akauliza, "Ndani ya sufuria iko nini?"

Nikafungua kitambaa. Nikachovya kijiko nikampa. Na mkono wake, Zaina, mwili wake wote, kwa mazoea tu, uligeuka ukaelekea ukutani. Miaka kumi na mitatu, na bado aligeuka.

"Lutula," nikasema, "leo sifungi. Geuka huku."

Akageuka. Akaonja mbele yangu. Nilikuwa namwangalia mdomo kama mtu anayesubiri hukumu. Akaiviringisha ulimini, akameza, akafikiri.

"Imekatika," akasema. "Na sukari haitoshi."

Nikuambie ukweli wote? Hasira ilinipanda. Hapo hapo, na machozi bado yako machoni, damu yangu ya upishi ikapanda mpaka masikioni. Imekatika wapi! Krem yangu! Nilikwisha kufungua mdomo. Kisha nikachukua kijiko mwenyewe nikaonja. Ilikuwa imekatika. Chembe ndogo ndogo za yai, ulimi unazisikia wazi. Kwa haraka yangu nikaiacha ikachemka, na jicho halikuona. Na sukari ilikuwa kidogo kwa sababu mama yako ametumia nyingi kwenye maandazi yako ya safari.

Nikasema, "Kweli. Imekatika."

"Lakini inalika," akasema, akavuta kigoda, akakaa. Tukaila yote, sisi wawili, kwa kijiko kimoja, na kuku wakitusumbua. Hakusema amenisamehe. Nakuambia hivyo usije ukadhani mambo yalikwisha vizuri kama kwenye mahubiri. Alipokuwa anakwangua sufuria aliniuliza tu gari lako linaondoka saa ngapi.

Nilipokuwa narudi juu ya maji nilitafuta neno la kukupa. Wewe unakwenda kuwa muuguzi, utapewa dawa za kupima na watu wa kutunza, na utakuwa hodari, najua, una mkono wangu. Kwa bahati mbaya unacho na kichwa changu. Siku mambo yatakapoharibika, kidole chako kitataka kunyooka. Sitakuambia usiogope, maana mimi niliogopa na nisingejua namna ya kutoogopa. Lakini baadaye, hofu ikishapita, kesho yake, wiki yake, mtafute yule mtu umuulize. Muulize maneno matatu tu, ilikuwa namna gani. Mimi yalinigharimu mto mmoja, dakika ishirini za mtumbwi, na nilikaa upande huu miaka kumi na mitatu.

Na ukipata mtu anayekuambia kila siku iko muzuri, iko muzuri, mwangalie kama amegeuka ukutani. Kosa linaweza kuwa si lake. Mimi najiuliza tangu mchana: kama Lutula angenionyesha siku moja tu kwamba haonji, au kama angesema siku moja krem ina kasoro, ningemfanya nini? Najua ningemfanya nini. Ningemtupia mwiko. Na yeye alijua pia. Nakuomba usiwe mtu wa kuogopwa kiasi hicho, hata na wale wanaokupenda.

Nasikia sauti yako njiani na ya shangazi yako, mnacheka. Nitakunja karatasi hizi niziweke chini ya nguo zako, utazikuta Kabalo au mbele zaidi, nami nitakuwa mbali, sitauona uso wako ukizisoma. Sikia, bado mimi ni mwoga kidogo.

Kesho asubuhi kwenye stesheni utawaona watu wengi. Mama yako atalia, shangazi yako atalia zaidi yake ili aonekane. Mzee Lutula pia atakuja, amesema atavuka na mtumbwi wa kwanza. Utakuwa hujasoma haya, kwa hiyo nitakuambia kwa mdomo, na utashangaa kwa nini sauti yangu inakatika kwa jambo dogo kama hilo: ukienda kumuaga, Zaina, simama kuliani kwake. Sikio la kushoto nililichukua mimi.

Baba yako,
Asumani